Jumamosi Isiyo na Picha

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini mawingu hayakuwa yameondoka juu ya Kolwezi, na udongo mwekundu wa barabara ulikuwa umelainika hadi kushika viatu. Inspekta Noëlla Mianda alijipangusa miguu mlangoni, akaingia katika ofisi ya naibu mwendesha mashtaka, Mathieu Lukusa. Lukusa hakumsalimu. Alimgeuzia simu.

"Angalia tena," alisema.

Mianda aliangalia. Video haikufika dakika moja. Kijana mwenye nywele nyingi zilizojaa vumbi alikatiza machimboni akiwa na dumu la manjano begani. Alipofika karibu na kamera aligeuka, akatabasamu, akainua ngumi. Hapakuwa na sauti isipokuwa ngoma iliyoongezwa baadaye. Juu ya picha palikuwa na maandishi mekundu: MCHOMAJI WA DEPO YA MULUNGWE, JUMAMOSI, KABLA YA MOTO.

Mambo yenyewe yalijulikana mji mzima. Jumamosi, jua lilipokuwa linazama, depo ya kununulia madini ya Mheshimiwa Beya, mbunge wa jimbo, iliteketea. Mlinzi wake, Tata Mukalay, alifia ndani. Jumapili video ilitoka. Jumatatu alfajiri polisi walimchukua Mechack Kabongo, mchimbaji wa mkono, kutoka nyumbani kwa mama yake huko Kapata. Siku hiyohiyo Mheshimiwa Beya alikaa mbele ya kamera sebuleni kwake, akamtaja Mechack kwa jina, akaitaka serikali iyafunge machimbo ya Mulungwe na kuyakabidhi kwa mwekezaji anayeijua kazi. Hakumtaja mwekezaji.

"Saa nane ya muchana tribinali inaikala," Lukusa alisema. "Kesi ya flagrance."

Flagrance ni utaratibu wa mtu aliyekutwa kosa likiwa bado mkononi mwake. Hauna uchunguzi mrefu. Mshtakiwa hufikishwa mchana, akahukumiwa jioni.

"Tata Lukusa, bamemukamata mu kitanda, siku mbili kisha moto. Ile ni flagrance ya namna gani?"

"Ile niachie mi. Kwako nataka karatasi moja tu: video ni ya kweli ao ni montage."

"Na kama ni ya kweli?"

"Basi."

"Na kama ni ya uongo?"

Lukusa aliangalia dirishani. "Basi leta karatasi, mama. Mbele ya saa nane."

Mechack aliletwa kutoka mahabusu akiwa peku. Mianda alimkalisha, akaweka hati ya mahojiano mezani, akamtazama. Jambo la kwanza aliloona lilikuwa kichwa. Kilikuwa kimenyolewa chote, kwa wembe, na karibu na sikio palikuwa na mkato mdogo uliokwisha kukauka.

"Mu video, njo we huyu?"

"Ee, njo mi."

"Bidon ilikuwa na nini?"

"Mazutu. Mafuta ya pompe. Mayi ilikuwa inajaa mu shimo."

"Ilikuwa siku gani?"

Mechack alitazama miguu yake mitupu.

"Ilikuwa samedi, ile Jumamosi?"

"Bo banasema samedi."

"Mi nakuuliza we."

"Mama, andika samedi. Bimalizike."

Mianda aliweka kalamu chini. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amehoji waongo wengi, na wote walikuwa na tabia moja: walikimbia kutoka kwenye kosa. Huyu alikuwa anatembea kulielekea.

"Samedi mangaribi ulikuwa wapi?"

"Mu nyumba."

"Na nani?"

"Mi peke yangu."

"Mama yako atasema vile vile?"

"Mama yangu umuache!" Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. Askari wa mlangoni aligeuka.

"Nani alikunyoa?"

Mkono wa Mechack ulikwenda kichwani, ukashuka. "Joto."

"Joto! Mu novembre, mvua kila siku. Hata mbuzi ya Kapata inatetemeka, we unasikia joto." Askari alicheka. Mechack hakucheka. "Mi pia ni mutoto wa Kapata, Mechack. Baba yangu alitoka Kasai na valizi moja kuja kutumika kazi mu kompani, sawa na nkambo yako, muzee aliyezaa baba yako. Kwetu muntu hananyoa kichwa juu ya joto. Nani alikufa?"

"Hakuna muntu alikufa," Mechack alisema, upesi kuliko alivyojibu maswali yote yaliyotangulia.

Mianda aliandika jibu hilo kama lilivyo. Kisha alimuuliza askari kama mtu huyu alinyolewa hapa. Askari alisema hapana, aliletwa hivyo hivyo.

Ukurasa ulioitoa video uliitwa Jicho la Mukuba; mukuba ndilo jina la shaba kwa watu wa huko. Mwenye ukurasa, Stany, alifanya kazi katika chumba cha nyuma ya duka la kuchajia simu, karibu na soko. Alikuwa na skrini mbili, feni moja na shati lililopigwa pasi vizuri. Mianda alikuwa amekuja na dhana yake tayari: maandishi na ngoma vilikuwa vimewekwa ili kuficha mahali video ilipokatwa na kuungwa.

"Stany, ulikata fasi gani?"

"Mama Inspekta! Ikala kwanza. Kukata? Mi ni journaliste, siko fundi wa nguo."

"Uliandika huyu njo mchomaji."

"Sikuandika vile." Stany aliipanua picha kwa vidole viwili hadi maandishi mekundu yakajaa skrini. Mwishoni kabisa, pembeni, chini ya alama ya kusambazia, palikuwa na kiulizo kidogo, cheupe juu ya anga jeupe. "Unaona? Point d'interrogation. Mi niliuliza tu."

"Bantu ngapi baliiona ile alama?"

"Ile ni maneno ya macho yao, mama."

"Na bangapi balipiga partage?"

Stany alijinyoosha kwa fahari. Video ilikuwa imesambazwa zaidi ya mara elfu arobaini. Mianda aliandika idadi hiyo katika hati yake pamoja na saa aliyoisoma, ili ijulikane uongo huo ulifika wapi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa chuoni: ukubwa wa madhara huandikwa.

"Nani alikupatia?"

"Ba-communication, bantu ba habari ba Honorable Beya. Njo beko bananitumia bintu kila siku."

"Uko bado na ile ya kwanza?"

Alikuwa nayo. Aliifungua kwenye skrini kubwa. Mianda alitazama akiwa ameinama, pua karibu na kioo. Hakuona mkato. Urefu ulikuwa uleule, mwanga uleule, kivuli cha kijana kikimfuata bila kuruka. Aliirudisha nyuma, akaiangalia tena, kisha tena. Dhana yake ilikuwa imekufa. Kijana alikuwa wa kweli, dumu lilikuwa la kweli, machimbo yalikuwa Mulungwe.

Kilichotofautiana ni sauti. Video ya kwanza ilikuwa nayo. Injini ya pampu ilikuwa inanguruma, wanawake walikuwa wanacheka, na mmoja aliyekuwa karibu kabisa na simu aliita: "Mechack! Geuka huku, malkia wa beignet anakuita!" Ndipo kijana alipogeuka, akatabasamu na kuinua ngumi. Ngumi ile ilikuwa mzaha.

"Juu ya nini uliondoa sauti?"

"Motere ilikuwa na kelele. Bantu hawapende kelele."

Mianda aliomba video ichezwe mara ya mwisho bila sauti, naye akaacha kumtazama kijana. Alitazama nyuma yake. Kamba ilikuwa inapanda na kushuka kwenye mdomo wa shimo. Wanawake watatu walikuwa wanachekecha mawe ndani ya dimbwi. Wanaume walipita kwa mstari, viroba migongoni. Aliandika: machimbo yote yanafanya kazi. Hakujua bado kwa nini aliandika hilo. Tarehe haikuwepo, video iliyopitia simu nyingi hupoteza siku yake ya kuzaliwa.

"Ukipata video ingine, lete," Stany alisema akimsindikiza. "Ya kwako nayo itatembea."

"Ya kwangu ni karatasi."

"Karatasi haitembee, mama."

Mulungwe ilikuwa mwendo mfupi kutoka nyumba za mwisho za Kapata. Mianda aliacha gari barabarani na kushuka kwa miguu. Hakuwa na haja ya kuuliza sana. Karibu na pampu palikuwa na mwanamke mmoja tu wa beignet, maandazi ya huko, chini ya turubai la bluu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kijiko kirefu.

"Njo we malkia?"

Mwanamke alicheka, kisha akaona beji, akaacha kucheka. Jina lake lilikuwa Jémima. Ndiyo, alipiga video. Alipiga wateja wake wote, akawaweka kwenye status yake ya WhatsApp. Hayo ndiyo yalikuwa matangazo yake. Mtu aliichukua humo.

"Lete telefone."

"Niliitupa mu mayi. Nilipoona Mechack ku Facebook, nilishikwa na woga."

"Ulipiga siku gani?"

"Nimesahau."

"Samedi?"

Jémima aligeuza andazi ambalo halijaiva. "Pengine."

"Samedi uliuza ngapi?"

"Samedi sikupika. Nilikuwa mugonjwa."

Mianda alimgeukia mama wa jirani, aliyekuwa anauza maji ya vifuko. "Na we, mama? Samedi uliuza?"

"Hapana. Tumbo."

"Na ule wa samaki?"

"Malaria," mwanamke wa samaki alijibu mwenyewe, bila kuulizwa.

"Jumamosi, siku depo inanunua na bachimbaji beko na njaa, mustari muzima ulilala mugonjwa," Mianda alisema. "Na hospitali haikujua. Muko na bahati."

Injini ya pampu iliendelea kunguruma. Mianda aliisikiliza, na hapo mambo manne aliyoyaona na kuyasikia tangu asubuhi yalisogeleana: kichwa kilichonyolewa, jibu la upesi, kamba ya kwenye video, na wagonjwa hawa wa Jumamosi. Alikuwa amekua miongoni mwa watu hawa na aliijua sheria yao, ambayo haiko katika kitabu chochote. Udongo ukimchukua mtu, hakuna anayeshuka shimoni hadi azikwe. Kamba hufungwa, pampu huzimwa, hata wanawake humwagia maji makaa yao. Anayethubutu kuchimba siku hiyo huvutwa nje na kupigwa.

Kama Jumamosi hakuna aliyepika, basi hakuna aliyechimba. Kama hakuna aliyechimba, kulikuwa na maiti. Katika video kamba inapanda na kushuka. Kwa hiyo video si ya Jumamosi. Na kijana aliyenyoa kichwa alikuwa amemnyolea mtu wa damu yake.

"Ni nani?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Ndugu yake?"

Macho ya Jémima yalijaa. "Mama, usiandike."

"Ni nani?"

"Glody. Mudogo yake. Udongo ulimuangukia asubuhi. Mechack alimutoa na mikono." Alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Tulimuzika mangaribi, mbele jua haijaanguka. Mechack njo aliingia mu shimo ya kaburi kumupokea. Tulikuwa pale bantu pengine mia mbili. Tukirudi njo tuliona moshi kwa Honorable."

"Na muko munamuacha anaenda buloko, kufungwa?"

"Unajua amri, mama. Kukisikilika kifo, Mulungwe banaifunga. Tuliapa pale ku kaburi. Yeye Mechack njo aliapa wa kwanza."

Mianda aliijua amri. Machimbo ya mkono yenye ajali ya kifo yalifungwa siku hiyohiyo, kwa usalama wa wachimbaji. Kwa hiyo wachimbaji walizika haraka na kunyamaza.

"Hakuna hata picha moja ya maziko?"

"Chef, mukubwa wa koperative yetu, alipitisha beseni. Kila muntu aliweka telefone. Alisema mwenye kupiga picha njo mwenye kufunga machimbo."

Kila kitu katika mji huu kilikuwa na picha yake: harusi, ugomvi, sahani ya wali. Mia mbili walikuwa wamesimama pamoja kabla ya giza, na hapakuwa na hata moja.

"Utatia sahihi?" Mianda aliuliza.

Jémima alitikisa kichwa. "Nina batoto batatu. Unisamehe."

Nyumba ya Kabongo ilikuwa katika safu ya nyumba za zamani za kampuni ya madini, kuta zile zile, madirisha yale yale. Mlangoni hapakuwa na tawi la mtende, wala turubai, wala viti, wala moto wa kilio. Mama Annie Kabongo alikuwa ameketi ndani kwenye kiti cha plastiki. Hakuwa amevaa nguo za msiba. Mianda alimsalimu kwa Kiluba, akaketi chini yake, kwenye kigoda.

"Mama, najua juu ya Glody."

Mama Annie hakushtuka. "Nani alikuambia?"

"Kichwa ya Mechack."

"Nilimuambia avae kofia."

Mianda alieleza mambo kwa utaratibu, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuyaeleza. Video si ya Jumamosi. Ili kuthibitisha hivyo, lazima iandikwe kwa nini Jumamosi kazi ilisimama. Ikiandikwa, amri ya kufunga machimbo itafuata. Tena kuzika bila kibali ni kosa, na kosa hilo lingekuwa la mama mwenyewe.

"Na usipoandika?"

"Leo mangaribi banamuhukumu."

"Kule Mulungwe bantu elfu ngapi banapata chakula, we unajua?"

"Najua."

"Batanitukana mi mupaka kufa."

"Siwezi kukuchagulia, mama."

"Hauwezi, ni kweli. Kazi yako ni kuandika." Mama Annie alifumba macho. "Nilizaa babili. Mumoja nimemuzika na mudomo imefungwa. Kilio iko humu ndani hata sasa, inanichoma. Na huyu wa pili nimuache vile vile? Andika. Glody Kabongo. Weka na jina la baba yake. Na ile ya kibali pia andika."

Alitia kidole gumba kwenye wino, akakibandika chini ya hati. Kisha akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kama inavyostahili, akimwita marehemu kwa majina yake yote. Majirani walitoka, kila mmoja akasimama mlangoni kwake. Hakuna aliyevuka uwanja. Kumfuata mama huyu na kulia naye kungekuwa kukiri.

Lukusa alisoma hati yote akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, bila kuruka. Aliitoa simu yake, akaupiga picha kila ukurasa, akatuma, kisha akaketi.

"Umetumia nani?" Mianda aliuliza.

"Hiérarchie, bakubwa. Njo utaratibu." Alikunja mikono juu ya meza. "Kazi muzuri. Nasema kweli. Video si ya samedi. Naiondoa mu dossier."

"Basi hakuna flagrance. Arudishwe mu uchunguzi wa kawaida."

"Flagrance iko."

"Juu ya nini? Video umeiondoa."

Lukusa alifungua kitabu cha sheria mahali palipokuwa pamekunjwa. Alisoma polepole, akitafsiri Kifaransa kwa Kiswahili kizuri cha shuleni. "'Kosa huhesabiwa kuwa la papo hapo pia pale ambapo mtu anafuatwa na mayowe ya umma.'" Alifunga kitabu. "Mayowe ya umma, mama. Zamani ilikuwa: mwizi anakimbia mu soko, bantu banalia nyuma yake. Leo soko iko mu telefone."

"Ile mayowe ilitoka mu video ya uongo. Uko nayo hapa, umeisoma!"

"Sheria haiseme mayowe ya kweli. Inasema mayowe."

"Na nani atahakikisha kama ilikuwako?"

"We." Lukusa aligeuza hati, akaweka kidole kwenye ukurasa wa pili. "Zaidi ya mara elfu arobaini, na saa, na sahihi ya afisa. Mi nilikuwa na shida ya kuipata ile. Umeniletea."

Mianda alitazama mwandiko wake mwenyewe. Ulikuwa safi, bila neno hata moja lililofutwa.

"Kuna bantu mia mbili balikuwa ku malalo, ku kaburi ya Glody," alisema hatimaye.

"Uko na ngapi mu karatasi?"

"Mama yake."

"Mama. Anasikiwa bila kiapo, neno yake haina uzito." Lukusa hakusema kwa kejeli. Alionekana kuchoka. "Unafikiri mi nafurahi? Kule juu banapiga telefone tangu jumatatu. Mi pia niko na chef."

Simu yake ilitetemeka juu ya meza. Aliitazama, akaigeuza ili Mianda aone. Mheshimiwa Beya alikuwa mubashara kwenye Jicho la Mukuba. Mkononi alikuwa na karatasi iliyochapwa, na Mianda aliitambua kwa mbali: ilikuwa picha ya hati yake, dole gumba la Mama Annie chini yake. "Wanaficha maiti!" Mheshimiwa alikuwa anasema. "Watoto wetu wanazikwa kama kuku, halafu wanatuambia machimbo ni salama! Nani sasa atanibishia?" Amri ya kuyafunga machimbo ya Mulungwe, alisema, ilikuwa imekwisha kusainiwa.

Kikao kilifanyika uani, chini ya turubai, kwa kuwa ukumbi haukutosha kamera. Mechack alisimamishwa mbele. Mahabusu hawana simu. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Jaji alisoma maelezo ya mama yake, akamuuliza kama ni kweli kwamba Jumamosi jioni alikuwa makaburini akimzika ndugu yake.

Mechack aliangalia umati. Aliwaona wachimbaji wamesimama nyuma kabisa, mikono mitupu, saa ambayo walipaswa kuwa shimoni. Hakuelewa, au alielewa kwamba wamekuja kumsikiliza kama atashika kiapo.

"Hapana, Tata Juge," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nilikuwa mu nyumba, peke yangu."

"Mama yako anasema vingine."

"Mama yangu ni muzee. Anasema juu ya kuniokoa."

Mianda alisimama. Karani alimwonyesha kwa mkono akae. Afisa wa upelelezi hasemi mahakamani bila kuitwa. Alibaki amesimama. Hakuitwa. Mechack Kabongo alihukumiwa kifungo cha miaka ishirini, na kamera zikageuzwa upande wa Mheshimiwa Beya.

Baada ya hapo kila mmoja alifanya lililofuata. Lukusa aliwaandikia wakubwa wake kwamba kesi imemalizika ndani ya muda wa kisheria, akaenda kula. Stany alitoa video ya hukumu, akaongeza ngoma. Mheshimiwa Beya alimzika Tata Mukalay kwa jeneza zuri, akatoa hotuba juu ya kaburi, na juma lililofuata alifika Mulungwe na wageni waliovaa kofia ngumu. Jémima alifunga turubai lake, akapanda lori na watoto wake kwenda Fungurume kutafuta mahali pengine pa kuwasha mkaa. Wachimbaji wengi walielekea njia ileile. Mama Annie alipika bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, akavipeleka gerezani. Mechack alikuwa amekwisha kuambiwa na mahabusu wenzake kwamba Mulungwe imefungwa, na ni nani aliyesema. Alisukuma sahani chini ya mlango kuirudisha, bila kufunua kifuniko.

Inspekta Mianda alikuta mezani kwake jalada jipya lenye maagizo ya Lukusa: kosa la kuzika bila kibali na kuficha kifo. Aliandika hati ya kumwita Mama Annie Kabongo kwa mahojiano, akaitia sahihi, akaenda Kapata kumpelekea mwenyewe.